Kindi na waya za taa za Krismasi: ushauri tafadhali

Mama Pacha, Brooklyn Park

Wapendwa, habari za baridi.

Naomba msaada wa haraka. Taa za Krismasi tulizofunga nje baada ya Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya Novemba, zimeanza kuzimika vipande vipande. Jana mchana nikatoka kukagua. Waya uliopita kwenye kichaka cha mbele umekatwa safi, utadhani ni mkasi. Ule wa juu, kwenye nguzo ya baraza, umemenywa ganda mpaka shaba inang'aa, na balbu nyingine hazipo kabisa. Vipande vya plastiki vimezagaa kwenye theluji. Mzee anataka azungushie tepu nyeusi tuwashe, watoto wasinune. Jirani naye kaniambia nipulizie mafuta ya pipaminti. Nifuate lipi?

Fundi, Saint Paul

Pole dada. Kabla ya yote chomoa plagi, na hiyo tepu Mzee airudishe kabatini.

Hapo una wageni wawili, si mmoja. Waya wa chini, usawa wa goti, uliokatwa mara moja kwa mshazari, hiyo ni kazi ya sungura. Theluji ikifunika majani anaishi kwa vijiti na magome, na waya mwembamba kwake ni kijiti tu. Aliyemenya kule juu ni kindi. Meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote, lazima ayasage kwenye kitu, na balbu ndogo anaidhania mbegu: anaing'oa, anaipasua, anaitupa. Halafu kindi hutembea mchana, wakati taima yako imeshazima taa, kwa hiyo usidhani umeme ndio utakaomfukuza.

Sasa hii tepu. Wengi wetu tunaudharau umeme wa huku Marekani kwa sababu ni volti 120, na nyumbani tumezoea 230 au 240. Volti 120 inaua vizuri tu, hasa ukiwa umesimama kwenye theluji inayoyeyuka. Tepu ya kawaida kwenye baridi hii inakakamaa, gundi inaachia, maji yanaingia. Ukishaona shaba, mtungo huo tupa. Kile kifyuzi kidogo ndani ya plagi kinalinda waya usizidiwe, wewe hakikulindi. Anayekulinda ni soketi ya GFCI, ile yenye vitufe viwili, ambayo hukata umeme zikivuja kama miliampia 5 tu. Bonyeza kitufe cha kujaribia taa zikiwa zinawaka. Zisipozimika, usiitumie mpaka ibadilishwe. Kama soketi ya nje haina vitufe, angalia gereji au bafuni, mara nyingi zimeunganishwa na moja kule. Na ikiwa inajizima kila mvua inyeshapo, usikomae kuirudisha. Kuna mahali waya umechubuka.

Ukinunua mpya, tafuta za LED zenye transfoma, zinazotembea kwa volti 24 au chini ya hapo. Kindi akizitafuna umepoteza taa, basi. Ekstensheni inayopita chini ivishe lile bomba laini lenye mikunjo, lililopasuliwa urefu wote, kama linalofunika waya chini ya boneti ya gari. Kichaka kizungushie wavu wa chuma wenye matundu madogo, ila kumbuka theluji ikijaa inampandisha sungura, kwa hiyo wavu wa kufika gotini mwezi wa kwanza ni kama haupo. Za juu zibane kwenye gata, ule mfereji wa maji ya paa, kwa vibanio vyake, mbali na matawi. Kindi anaruka zaidi ya mita 2 bila wasiwasi.

Dada wa Scarborough, Kanada

Hamjambo huko. Fundi kamaliza ya umeme, mimi naleta ya jikoni.

Mama Pacha, maboga ya Halloween, yale ya mapambo ya mwisho wa Oktoba, umeshayaondoa barazani? Mtaani kwetu yanakaa mpaka yanaporomoka yenyewe, na kindi anayekuja kwa boga hakosi cha kutafuna akishashiba. Chombo cha kulishia ndege nacho kisogeze mbali na taa, mbegu zilizomwagika chini zifagie. Hilo linasaidia kuliko chochote cha kupuliza.

Ila ukitaka kupuliza, pilipili ni bora kuliko pipaminti. Ule ukali wake, kapsaisini, unawawasha mamalia, ndege hauwawashi hata kidogo. Ndiyo maana huku madukani wanauza mbegu za ndege zilizopakwa pilipili, na Honda wanauza tepu yenye pilipili ya kufungia waya za gari. Mimi nachemsha pilipili kali, nachuja, natia tone la sabuni ya vyombo ili ishike. Waya uwe umechomolewa, unapaka kwa kitambaa, usilowanishe vishikio vya balbu, unaacha ukauke kabisa. Vaa glavu. Usiipulize upepo ukikuelekea, utalia wewe kabla ya kindi. Ikinyesha unarudia, hakuna namna. Pipaminti inanukia vizuri lakini harufu inaisha upesi, na kindi mwenye njaa haijali.

Kijana wa Rochester

Wakubwa shikamooni. Kwa nini msimwage tu nafthalini, vile vidonge vyeupe vya kabatini? Au sumu ya panya, yaishe?

Fundi, Saint Paul

Marahaba mdogo wangu, usithubutu. Marekani kutumia dawa ya wadudu kinyume na maelezo ya lebo ni kosa kisheria, na nafthalini imeandikiwa ikae ndani ya chombo kilichofungwa, pamoja na nguo. Ukiimwaga bustanini, mtoto wa jirani ataiona peremende. Sumu ndiyo mbaya zaidi: anakula panya, anayefuata ni bundi aliyemla huyo panya, au paka wa watu. Utaelezana na jirani mpaka Pasaka.

Mama Pacha, Brooklyn Park

Asanteni sana, Mungu awabariki. Maboga tumeyatoa leo, moja lilikuwa limechimbwa ndani hadi mbegu zote zimekwisha. Soketi imejaribiwa, inakata. Kichakani hatuweki tena; watoto wamekubali za dirishani, kwa ndani. Ila za kwenye gata bado tunazitaka na ngazi yetu ni fupi. Nani anayo?

Fundi, Saint Paul

Ninayo. Nitapita Jumamosi saa nane mchana, Mzee awepo wa kunishikia. Tafuteni mapema pia ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, mwezi wa kwanza zikishushwa ziingie humo. Msizirudishe kwenye boksi la karatasi gereji, panya hulala humo kipupwe chote na waya wanazimaliza kabla ya kindi kuziona. Theluji ikianguka Ijumaa usiku, nitakupigia tusogeze mpaka Jumapili baada ya kanisa.