Pedali ya kuigiza amplifaya kwa besi: SansAmp ya zamani, BDI21 au ODB-3?

besi_tano

Wadau, habari za jioni. Napiga besi ya nyuzi tano, ile isiyo na betri ndani. Jumapili niko kanisani huku Kasarani, Ijumaa niko na bendi ya rumba kwenye klabu moja pembeni mwa Thika Road. Pande zote mbili hakuna amplifaya ya besi. Kebo inatoka kwenye gitaa, inaingia kwenye boksi la DI (kisanduku kinachoandaa sauti ya gitaa kwa mikisa), inaenda moja kwa moja kwenye mikisa. Nyumbani, kwa spika yangu ndogo, besi naisikia vizuri. Nikifika kanisani inakuwa kama mtu anakwaruza waya ndani ya debe. Noti zipo lakini hazina mwili. Na fundi akiongeza besi kwenye mikisa, mabati ya paa yanaanza kulia kila nikigusa waya wa A.

Nimeamua kununua pedali ya kuigiza amplifaya, kisanduku cha mguuni kinachoipa besi sauti ya amplifaya. Bajeti ni shilingi 25,000, na mbele yangu kuna tatu:

SansAmp Bass Driver DI ya Tech 21, toleo la kwanza, imetumika. Rafiki anaiuza 15,000.

Behringer BDI21, mpya, kwa chini ya nusu ya bei hiyo.

Boss ODB-3, ile ya njano, ambayo mpiga gitaa wetu ameniazima.

Sitaki makelele. Nataka lile joto la amplifaya kubwa ya valvu, sauti inayojaa hata nikipiga polepole. Waliotumia hizi, nisaidieni.

dada_mikisa

Mimi niko upande wa pili wa kebo, nachanganya sauti kanisani na kwenye harusi, kwa hiyo nitasema ninachosikia mimi.

ODB-3 iweke kando kwanza. Si mbaya, ina nobu ya Balance inayokuruhusu kuchanganya sauti safi na ile ya kukwaruza, na hilo ni jambo kubwa kwa besi. Lakini ilitengenezwa ikijua mbele yake kuna amplifaya. Spika ya besi ya inchi 10 bila twita (spika ndogo ya sauti za juu) inaanza kuzima sauti za juu ikikaribia kilohezi 4 au 5, na kule juu ndiko ukwaruzaji unakokuwa mkali kama nyuki. Ukiipeleka ODB-3 kwenye mikisa bila kitu cha kuzima hizo, twita za PA, yaani spika kubwa za ukumbini, zinawapa watu wote wale nyuki. Tena haina tundu la XLR (lile la pini tatu la kwenda kwenye mikisa), bado utahitaji boksi la DI.

SansAmp na BDI21 zinaigiza vyote viwili, valvu za amplifaya na boksi la spika, halafu zinakupa XLR tayari kwa mikisa. Kwa mtu asiye na amplifaya jukwaani, hiyo ndiyo kazi unayonunua. Ukwaruzaji ni ziada.

kelele_za_roki

Darkglass hamjaitaja. Ni kampuni ya Helsinki, Ufini, tangu 2009, na sisi wa roki hapa Nairobi tunaiheshimu sana. B7K ina ikwalaiza na tundu la XLR. Sauti inakata gitaa mbili nzito kama panga, na chini haipotei kwa sababu ya Blend, nobu inayochanganya sauti safi na iliyokwaruzwa.

dada_mikisa

Ndugu, kwa roki nakubali kabisa, nimeichanganya na iliniridhisha. Ila kumbuka B7K ya kwanza haiigizi boksi la spika. Ukifungua Drive (nobu ya ukwaruzaji) sana ukiwa moja kwa moja kwenye PA, tunarudi kwa wale nyuki. Na bei inapita bajeti ya mwenzetu. Kwa rumba na sifa naona ni panga la kukatia mkate.

mzee_wa_benga

Besi_tano, kijana wangu, usinunue ile ya 15,000 kabla hujasoma hapa.

Nilikuwa na SansAmp ya toleo la kwanza kwa miaka mingi. Nyumbani niliipenda hadi nikakosa usingizi. Chini nene, juu inameta, nikajiona nimebeba SVT mgongoni. SVT ya Ampeg, kwa mliokua baadaye, ni amplifaya ya valvu ya wati 300 iliyotoka 1969, na boksi lake maarufu lina spika 8 za inchi 10, kubwa kama friji. Hakuna matatu itakayokubebea.

Nikaenda nayo kwenye shoo. Gitaa la solo likaingia, la ridhimu likaingia, dramu zikaanza, na besi yangu ikatoweka. Naiona mikono yangu ikienda, sabufa zinatikisika, lakini hakuna anayesikia noti gani napiga. Mwimbaji alinigeukia mara tatu akinionyesha kidole juu, niongeze. Niliongeza, na kilichoongezeka ni mtikisiko peke yake.

Sababu yake ni hii: saketi ya toleo la kwanza inachimba shimo katikati ya sauti, na kati ya nobu zake sita hakuna hata moja ya kulifukia. Kuna Level, Blend, Treble, Bass, Drive na Presence. Ukiwa peke yako shimo hilo linapendeza sikio. Ukiwa na bendi, katikati ndiko noti yako inakoishi. Sasa benga, besi yake haikai chini kama nguzo. Inaruka, inajibizana na gitaa, inatembea kama vidole vya mpiga nyatiti, kile kinubi cha Waluo. Ukiiondolea katikati umeinyamazisha.

Toleo la pili lilitoka 2016, na Tech 21 waliweka nobu ya Mid pamoja na swichi ya kuihamisha kati ya hezi 500 na 1000, na nyingine ya kuhamisha Bass kati ya 40 na 80. Wapiga besi tulikuwa tumelalamika zaidi ya miaka ishirini. Kama unaweza kungoja na kuweka akiba, ngojea hilo.

nyuzi_nne

Mzee amesema kweli tupu. Nyongeza moja kuhusu BDI21: nobu ni zilezile sita na lile shimo la katikati limo pia. Ganda lake ni plastiki. Yangu ina miaka mitatu, haijafa, lakini siikanyagi, ninaiweka juu ya kiti pembeni na kuiacha imewashwa shoo nzima. Ukiichukulia kama boksi la DI lenye sauti, bei yake ni haki. Ukiichukulia kama pedali ya kupigwa teke kila wimbo, haitafika mbali.

Jambo la stima, tafadhali lisikilizeni. Pedali nyingi zinataka volti 9 za DC, na hasi iwe katikati ya plagi. Adapta nyingi za mjini zina chanya katikati. Niliwahi kununua moja kwa haraka kabla ya shoo, nikachomeka, nikasikia harufu, pedali ya kwaya ikawa imekwisha. Tazameni ule mchoro mdogo wa duara kwenye adapta na kwenye pedali. Vifanane. Dakika moja tu.

besi_tano

Mzee, asante sana, umeniokoa. Na swali kwa wote: nyumbani nina ovadraivu (pedali ya kukwaruza sauti) ya gitaa ya aina ya Tube Screamer. Kwa nini inaniibia besi namna ile? Nikiiwasha, waya wa B unakufa kabisa.

dada_mikisa

Kwa sababu hivyo ndivyo ilivyoundwa. Kwenye Tube Screamer, hatua inayokwaruza sauti inapunguza kila kitu kilicho chini ya hezi 720 hivi, ili gitaa lisiwe tope. Sasa hesabu. E yako ya chini ni hezi 41, B ni hezi 31 hivi, hata G iliyo wazi ni 98. Noti zako zote ziko chini ya mpaka huo, kinachobaki ni vivuli vyake vya juu, zile sauti nyembamba zinazoandamana na noti. Ndiyo maana pedali nzuri ya besi lazima iwe na Blend au Balance: sauti safi inabeba uzito, iliyokwaruzwa inabeba sura.

Na kwa wenye Zoom B1 Four na nyingine za dijitali: ni msaada mkubwa kwa bei yake, zina amplifaya nyingi ndani. Ila usinipe laini safi na laini ya Zoom nizichanganye pamoja. Mashine ya dijitali inachelewesha sauti kwa milisekunde chache, na laini mbili zilizopishana hivyo zinakulana, besi inakonda. SansAmp na BDI21 ni za analogi, hazicheleweshi. SansAmp hata ina tundu la pembeni linalotoa sauti yako bila kuguswa, nikiomba laini mbili unanipa bila shida.

Ombi moja kutoka mezani kwangu: kama pedali yako inakula volti 48 za mikisa, yaani stima inayopitia kebo ya XLR, subiri nizime chaneli kabla hujachomeka au kuchomoa. Ule mlipuko unaua twita.

besi_tano

Nimerudi. Jumamosi kulikuwa na mazoezi ya kwaya, nikapata zote tatu mkononi: SansAmp ya rafiki, BDI21 ya nyuzi_nne (ndugu, Mungu akubariki, imerudi salama) na ODB-3. Fundi wetu alikubali kukaa nami saa nzima kabla waimbaji hawajafika. Nilipiga mistari ileile kwa kila moja, yeye akiwa katikati ya ukumbi na mimi nikisikiliza kwa kebo ndefu karibu na mimbari.

ODB-3 ilikuwa kama dada alivyosema. Gain ikiwa sifuri na Balance imeegemea sauti safi inavumilika, lakini nikipiga kwa ukucha kidogo tu inachoma.

SansAmp na BDI21, kwanza nilidhani ni kitu kimoja. Tofauti ilijitokeza nilipopiga waya wa B kwa nguvu na kuacha noti ife yenyewe. Kwenye SansAmp noti inashuka taratibu, ukwaruzaji unatoka kwanza, halafu inabaki sauti laini hadi mwisho. Kwenye BDI21 ukwaruzaji unakatika ghafla, kama mtu amefunga mlango, na nyuma yake kuna mvumo mdogo. Tulirudia mara tano. Fundi, akiwa amefumba macho, alitambua mara zote tano. Lakini kwaya ilipoanza kuimba na kinanda kikaingia, hata yeye hakuweza tena.

Na shimo la katikati, Mzee, nimelisikia kwa masikio yangu. Kwenye zote mbili. Kinanda kilipoingia nilitoweka. Ndipo fundi akashika nobu ya katikati kwenye chaneli yangu, akaiweka karibu na hezi 600 na kuipandisha kama desibeli 4, kisha akapunguza chini ya hezi 60. Besi ikatokea, ikasimama mbele ya kinanda bila kukisukuma. Nikapiga A nikiangalia juu. Mabati yalinyamaza.

Nobu nilizoishia nazo: Drive saa tatu, Blend saa saba, Presence saa mbili na nusu, Bass saa sita kamili katikati, Treble chini yake kidogo. Nimezipiga picha na kuweka alama za selotepu nyeupe.

mzee_wa_benga

Hizo saa zako ni za Kiswahili au za uso wa saa? Kuna mtu atazisoma vibaya na kufungua Drive yote.

besi_tano

Kweli Mzee, ni za Kiswahili. Kwa namba za uso wa saa: Drive kwenye 9, Blend kwenye 1, Presence kati ya 8 na 9, Bass kwenye 12, Treble kwenye 11.

Sasa uamuzi. Kanisani nina fundi anayenisikiliza na mikisa yenye katikati inayohamishika, kwa hiyo shimo linafukiwa pale mezani. Klabuni hakuna. Mwenye mikisa pale huwa anauza kadi za kuingilia pia, chaneli yangu anaiwasha na kuondoka. Kule nahitaji katikati iwe chini ya mguu wangu. Kwa hiyo nimechukua BDI21 mpya kwa ajili ya Jumapili, na pesa iliyobaki nimeanza akiba ya toleo la pili la SansAmp. Ile ya 15,000 nimemwambia rafiki asiniwekee.

nyuzi_nne

Uamuzi mzuri. Klabuni kwa sasa, kabla akiba haijatimia, weka Blend chini zaidi, kwenye 10 hivi. Sauti safi ya gitaa lako ina katikati yake, iache ipite. Na usogeze mkono wa kulia karibu na daraja, pale nyuzi zinapoishia kwenye mwili wa gitaa.

kelele_za_roki

Sogea daraja kweli. Nimejaribu leo hata na Darkglass yangu, katikati inaongezeka kabla hujagusa nobu yoyote.

mzee_wa_benga

Besi_tano, Alhamisi tuna mazoezi Umoja kuanzia saa kumi na moja jioni. Njoo na hiyo BDI21 na selotepu zako. Gitaa zitakuwa mbili, na fundi hatakuwepo. Tuone kama hiyo Blend ya 10 inatosha.