Maegesho Posta na Kariakoo, Dar es Salaam: tunafungwa kufuli pasipo na kibao, tunadaiwa siku ambazo gari lilikuwa gereji

Wakuu, nimeingia nyumbani sasa hivi, hata maji sijanywa. Naandika kabla hasira haijapoa, maana ikipoa nitanyamaza kama nilivyonyamaza mara zote nilizofanyiwa haya.

Bi mkubwa wangu, mama yangu mzazi, ana miaka 74. Jana kafanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, na leo saa 3 asubuhi alitakiwa arudi kliniki daktari amfungue bandeji na kumwangalia. Kliniki iko mitaa ya Kisutu, ghorofa ya kwanza, ngazi nyembamba. Nikamkalisha mbele kwenye kirikuu yangu, kipikapu cha kubebea mizigo, mdogo mdogo kutoka Tabata, tukafika mjini saa 2 na nusu ili nipate muda wa kutafuta pa kupaki. Nikazunguka Zanaki, Jamhuri, Mtaa wa Libya, nikarudi tena Zanaki. Kila mahali pamejaa. Raundi ya tatu nikaona gari linatoka mbele ya duka la vitambaa ambalo halijafunguliwa. Nikaingia.

Mimi si mgeni wa mji huu. Kabla sijazima gari niliangalia juu na chini. Barabarani hakuna mstari wowote, wa njano wala mweupe. Ukingoni hakuna rangi. Kibao sikukiona. Mbele yangu kuna Noah, nyuma yangu kuna Vitz. Na hatua kama kumi kutoka hapo amesimama kijana wa reflekta, wa hawa wanaosimamia maegesho, mikono nyuma, ananitazama. Alinitazama nikimfungulia mama mlango, nikimshika kwapa, mama akitafuta ardhi kwa mguu kwa sababu jicho moja limefungwa na la pili nalo linaona ukungu. Yule kijana akamwamkia, "Shikamoo bibi." Mama akaitikia marahaba. Tukapita pale pale alipo, tukapanda ngazi.

Hakusema neno. Angesema tu, "Kaka, hapa hapapakiwi," ningemshukuru na kuondoka. Kinywa cha kumsalimia mama yangu alikuwa nacho.

Tulikaa juu kama dakika 15. Daktari hakuwa na foleni, akamfungua, akamwekea dawa, akampa miwani myeusi. Tunashuka, nakuta chuma cha njano kimebana tairi la mbele la kulia na kufuli kubwa juu yake. Kioo kimebandikwa karatasi yenye gundi ya aina ile isiyotoka, hadi sasa hivi iko pale, nimekwangua kwa kisu imebaki utando mweupe mbele ya macho ya dereva. Na kona ya mtaa breki dauni, gari la kuvuta magari, imeshasimama inaunguruma.

Nikamuuliza kijana kosa langu. "Hapa no pakingi, mzee." Nikamwambia nionyeshe kibao. Akanivusha barabara mpaka kwenye nguzo ya umeme upande wa pili, akasogeza kwa mkono mwavuli wa wakala wa kutuma pesa, na nyuma ya mwavuli, wakuu, kuna kibao kimepinda, kimeangalia ukuta, rangi imeshababuka. Hicho ndicho nilichotakiwa nikisome nikiwa kwenye usukani upande wa pili wa barabara! Wakala mwenyewe akacheka akasema kila siku wanakuja kuangalia hicho kibao watu waliokwisha kufungwa, hajawahi kumwona aliyekiona kabla.

Nikaambiwa 80,000. Halafu mwenzake, mkubwa kidogo kiumri, akanivuta pembeni kwa sauti ya chini: ukitaka risiti ni 80,000, ukitaka tuyamalize ni 40,000 na unaondoka sasa hivi. Usipolipa ndani ya nusu saa gari linapandishwa, utaongeza ya kuvutwa na ya yadi kwa kila siku litakayolala.

Nilikataa kuyamaliza. Nikasema nitalipa zote na risiti nitaichukua. Na hapo ndipo nilipokomolewa. Mashine ya risiti ikawa haina mtandao. Mwenye ufunguo wa kufuli akawa yuko Mnazi Mmoja, anakuja. Tulisubiri saa mbili na dakika kadhaa. Mama yangu, aliyeambiwa na daktari asikae kwenye vumbi na mwanga mkali, alikaa kwenye baraza la duka la vitambaa, jua linamfuata kila linavyosogea. Binti muuzaji alipokuja kufungua duka akamtolea stuli ya plastiki na chupa ya maji, akamsogeza ndani kidogo kwenye kivuli cha majora. Binti yule simjui jina, Mungu amlipe.

Na ile Noah iliyokuwa mbele yangu? Mwenyewe alikuja, akampa kijana mkono kwa sekunde mbili, akaingia garini, akaondoka. Haikuwahi kuwekwa chuma. Mahali pale pale, mtaa ule ule. Vitz ya nyuma ilifungwa kama yangu, ya dada mmoja mfanyakazi wa ofisi za jirani, alikuwa analia kwa simu akimwomba mtu amrushie pesa.

Sasa hilo la leo ndilo lililonifanya niandike, lakini kero yenyewe ina miaka.

Mimi kazi yangu ni kusambaza karatasi na vifaa vya ofisi. Nachukua mzigo Kariakoo, napeleka Posta, Samora, Ohio, hadi Kivukoni. Kwa hiyo maegesho kwangu ni kama chumvi, siku haipiti bila kulipa. Na nalipa. Shilingi 500 kwa saa sijawahi kuilalamikia, barabara inahitaji matengenezo na vijana wanahitaji ajira. Ninacholalamikia ni kudaiwa kitu nisichojulishwa.

Zamani ukipaki, kijana anakuja, anakuandikia karatasi, anabana kwenye waipa. Ukirudi unaiona. Unajua nimedaiwa saa ngapi, na nani, mtaa gani. Sasa kijana anapita na mashine, anaingiza namba ya gari, anaendelea na safari yake. Deni limeshaingia kwenye mfumo na wewe uko ghorofa ya sita unahesabu rimu. Ukishuka huoni kitu. Unawasha gari unaondoka ukijua siku yako imeenda salama. Ni juu yako wewe kukumbuka kupiga *152*00# kila jioni kujiuliza kama kuna mtu amekuandikia deni mchana. Nani duniani anadaiwa hivyo? Hata muuza genge akikukopesha nyanya anakwambia, "Jirani, daftari langu linasoma kiasi fulani."

Mfumo huu ulipoanza mwaka 2021 watu walipiga kelele mpaka ukasitishwa kwa muda, kisha ukarudishwa mwaka huo huo kabla haujaisha. Tuliambiwa kasoro zimerekebishwa. Mimi mwezi wa pili mwaka huu nilikuwa nataka kuuza gari dogo la mke wangu. Mnunuzi akasema tuangalie madeni kwanza. Tukakuta madeni tisa ya maegesho. Jero moja moja, lakini kila moja limeshavikwa faini juu yake, mia tano imegeuka zaidi ya msimbazi mwekundu mmoja, yaani elfu kumi. Mnunuzi akanitazama kama tapeli.

Katika hayo tisa, moja ni la siku ambayo gari lilikuwa gereji Tabata juu ya mawe, gia boksi imeshushwa iko kwenye gunia. Nina risiti ya fundi. Nina picha aliyonitumia WhatsApp siku ile ile saa 5 asubuhi, gari halina hata matairi ya mbele. Mfumo unasema saa 5 na dakika 20 lilikuwa limepaki Mtaa wa Samora.

Nikaenda ofisini kwa hao wanaodai maegesho. Dirisha la kwanza wakanipeleka la tatu, la tatu wakaniambia niandike barua, niambatanishe nakala ya kadi ya gari, nirudi wiki inayofuata. Nikarudi. Jibu nililopewa na dada wa kaunta: "Mfumo unaonyesha gari lilikuwepo." Nikamwambia, dada yangu, nionyeshe picha basi, hao vijana si wanapiga picha? Kama namba ilisomwa vibaya, B ikachukuliwa kuwa D, picha itasema. Akajibu picha haziwezi kuonekana pale. Ziko wapi? Hajui. Nani anayeweza kuzifungua? Hajui. Akanishauri nilipe kwanza halafu nifuatilie marejesho. Nililipa yote tisa kwa sababu mnunuzi alikuwa anasubiri. Marejesho nafuatilia hadi leo, namba waliyonipa inaita tu.

Huyo anayenidai ndiye mwenye ushahidi, ndiye mwenye kuamua, na ndiye mwenye kuongeza faini siku zikipita. Mimi nina risiti ya fundi na picha ya gari lisilo na matairi, na havina pa kupokelewa.

Kariakoo ndiyo usiseme. Mtaa wa Aggrey, Sikukuu, Congo, ukiingia na kirikuu kupakia katoni ishirini unahitaji dakika 20 tu. Kwanza utamkuta jamaa aliyepanga ndoo na mawe barabarani, anataka buku, elfu moja, ndipo aondoe ndoo. Hajaajiriwa na mtu, barabara kajimilikisha. Ukishaingia anakuja wa mashine, halali yake hiyo. Kabla katoni ya kumi haijapanda anakuja mgambo anagonga bodi kwa rungu, toa gari, unaziba njia. Ukibishana naye akatokea trafiki, ni faini ya 30,000 kwa notifikesheni. Watu wanne, kipande kimoja cha lami, na kila mmoja ana sheria yake. Nikiuliza ni wapi basi gari la mzigo linaruhusiwa kusimama kushusha na kupakia katika soko kubwa kuliko yote nchini, wote wanne hawana jibu.

Najua atakuja mtu hapa aniambie acha gari, panda basi la mwendokasi. Naupanda. Tangu ulipoanza Mei 2016, nikiwa peke yangu na sina mzigo natembea mpaka Morogoro Road napanda, nashuka Kisutu au Posta ya Zamani, na siku ya foleni ni afadhali mara mia. Lakini mniambie, katoni arobaini za karatasi nazipandisha vipi? Na mama wa miaka 74 mwenye bandeji jichoni nimsukume mlangoni asubuhi, kiwiko cha mtu kimwingie kwenye jicho lililoshonwa jana?

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu milioni moja na zaidi wameongezeka ndani ya miaka kumi, na mitaa ya Kisutu na Mchafukoge ni ile ile, haijaongezeka hata hatua moja upana. Maghorofa ndiyo yanaongezeka, na mengi ukiangalia chini, palipotakiwa kuwa maegesho ya wapangaji wake pamegeuzwa maduka na stoo. Gari za ghorofa zima zinamwagwa mtaani, halafu mtaani ndiko wanakotusubiri na kufuli. Huyo mwenye jengo hajafungwa chuma na mtu.

Kijana mmoja wa mashine pale Jamhuri, tumezoeana, aliwahi kuniambia ana kiwango anachotakiwa kufikisha kwa siku, asipofikisha anapigiwa kelele. Nilimwonea huruma. Lakini hapo ndipo nilipoelewa kwa nini yule wa leo alinyamaza. Akinionya, naondoka, na yeye hana kitu cha kupeleka jioni.

Mimi nataka waturudishie karatasi kwenye waipa, hata kama mashine ipo. Wapige mistari barabarani ili aliyekosea ajue amekosea, na vibao viangalie barabara. Deni likipingwa, picha ifunguliwe mbele ya anayedaiwa na faini isimame mpaka jibu litoke. Na kwa mtu aliyemleta mgonjwa au anayeshusha mzigo, pawepo na dakika zake zinazojulikana, zimeandikwa, asizipewe kwa huruma ya kijana wa reflekta.

Kama na wewe una deni la siku ambayo gari lako halikuwepo mjini, andika hapa chini tarehe na mtaa, usiweke namba ya gari. Kama kuna aliyewahi kupinga akarudishiwa pesa yake, tafadhali aeleze alipitia dirisha lipi na alipeleka karatasi gani. Risiti yangu ya leo ninayo na nitaipeleka, nataka kujua tu ni kwa nani.

Na jingine ni ombi. Bi mkubwa anatakiwa tena kliniki Alhamisi saa 3 asubuhi. Mwenye kujua mahali pa kupaki karibu na Kisutu, pa kulipia hata kama ni bei juu, ambapo mtu mzima anaweza kutembea mpaka mlangoni bila kuvuka barabara mbili, aniambie.