Askari asitolewe kambini mpaka mafao yake yaingie: tujadili

Binti wa Mafinga
Kamwene wandugu. Naomba tulijadili hili kwa moyo, maana kwetu limekuwa la kila siku.

Baba yangu alimaliza utumishi wake jeshini Juni mwaka jana. Kikosi sikitaji. Mshahara wa mwisho uliingia mwezi huohuo, na nyumba ya kambini tukaiacha wiki hiyohiyo. Tangu hapo ni miezi tisa, hakuna kiinua mgongo wala pensheni. Faili lilikwenda, likakaa, likarudi na kikaratasi kimebanwa kwa pini: kadi ya jeshi inasema Luka, kitambulisho cha taifa kinasema Lucas. Alilitumikia jeshi miaka yote hiyo kwa jina la Luka na hakuna aliyeuliza. Sasa amekuwa mtu asiyejulikana ni yupi.

Kila Jumatatu anavaa koti lile la suti, anachukua mfuko wa nailoni wenye nyaraka zake, anatembea hadi benki kuulizia salio. Juzi dada wa dirishani alimwambia kwa upole, "Baba, utapata ujumbe kwenye simu, usijisumbue." Akarudi akaketi, hakula.

Hoja yangu ni hii: askari abaki kwenye orodha ya mshahara mpaka siku mafao yanapoingia kwenye akaunti yake. Ofisi ikichelewa, gharama iwe ya ofisi. Raia akistaafu anabaki nyumbani kwake, askari siku anayoacha kazi ndiyo siku anayoacha nyumba. Mnasemaje?

Kitonga
Pole kwa mzee. Ila hoja yako siikubali. Pesa za mshahara zimepangiwa idadi ya watu. Kila mzee anayebaki kwenye orodha ni kijana mmoja amezibiwa nafasi. Mdogo wangu amejitolea JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, miaka 2 hapohapo Mafinga, amelima, amejenga, amekimbia mchakamchaka kwenye ile baridi ya Julai, karudi nyumbani na cheti na begi. Huyo ana pensheni gani? Tuanze na yeye.

Na tuseme ukweli, wazee wengi wa huku ukiwapa hizo pesa leo, msimu wa ulanzi, pombe ya mwanzi, haujaisha na zimeisha.

Koplo Mstaafu
Kitonga, umri wako sijui, ila mdomo wako nimeujua.

Mimi nilikuwa na miaka 19 tulipoingia Mutukula, Uganda, kwenye vita ya Kagera, Januari 1979. Nimestaafu 2001. Nimesomesha watoto wanne, nina miti ya mbao na ng'ombe wawili. Ulanzi nakunywa, nakunywa kwa pesa yangu. Kwani wewe unayejenga kwa mkopo hunywi bia? Askari akinywa kikombe kimoja kilabuni mnasema amefilisika, mwalimu akinywa kreti mnasema anapumzika.

Mgema wa Njombe
Hapo kwenye ulanzi na mimi naingia. Mama yangu alitusomesha kwa ulanzi. Asubuhi na jioni anapita kila mwanzi, anachonga ncha, anabadilisha mbeta, kile chombo cha kukingia utomvu. Kuna mtogwa, ule mtamu wa asubuhi, tulikunywa hadi sisi watoto. Mtu wa mjini anasikia "ulanzi" anaona ulevi tu. Ni kazi ya mikono na ni pesa ya ada. Ombeni radhi.

Kitonga
Sijawatukana wagema. Nimesema wazee wanamaliza mafao. Nimeshuhudia kwa macho yangu kijijini kwetu, mzee katoka na kiinua mgongo mwezi wa kwanza, kanunua pikipiki mbili na kuoa, mwezi wa tano anaazima chumvi.

Dereva wa Uyole
Mnaongea mafao yapi? Si sasa hivi wanakupa asilimia 33 tu kwa mkupuo, nyingine wanakudondoshea kila mwezi mpaka ufe? Huyo mzee wa pikipiki mbili alistaafu zamani.

Hakimu wa Kijiweni
Dereva, hiyo 33 ilikuwa ya kikokotoo, yaani kanuni ya kupiga hesabu ya mafao, cha 2022 kwa wanachama wa mifuko ya hifadhi ya jamii, na 2024 ikapandishwa hadi 40 kwa waliokuwa wakipata 50 kabla ya hapo. Polisi na magereza wako humo, PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma. Mwanajeshi wa JWTZ, Jeshi la Wananchi, hayumo. Pensheni yake ina kanuni zake za tangu 1966 na inalipwa na Hazina. Kelele za kikokotoo si zake.

Turudi kwa aliyeanzisha mada, maana kuna jambo kubwa hapa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 43, inasema mwajiri akimaliza mkataba na mtu mbali na mahali alipoajiriwa, amsafirishe au amlipe nauli, na siku zote anazomngojesha amlipe posho ya kujikimu. Ndiyo hoja ya Binti wa Mafinga, kwa raia ipo tayari, walau kwa suala la nauli! Ila kifungu cha 2 cha sheria hiyohiyo kinamtoa nje mwanajeshi, polisi, askari magereza na JKT. Kwa hiyo anachodai si upendeleo. Anadai askari apate ulinzi unaofanana na ule ambao mpishi wa hoteli anao.

Mgema wa Njombe
Sawa, ila Kitonga bado hajaomba radhi.

Koplo Mstaafu
Hajaomba. Na hiyo ya "kuoa" ameitupia pia kwa makusudi.

Dereva wa Uyole
Lakini Koplo, kuoa wanaoa. Tuwe wakweli. Mtu amekaa vikosi vitano, kila kikosi ana mtu. Akistaafu wanakuja wote na watoto wamefanana naye.

Mjane wa Mbalizi
Nilikuwa nasoma tu. Sasa naandika.

Mume wangu alistaafu akiwa mzima. Hakunywa ulanzi wala pombe nyingine, alikuwa mzee wa kanisa. Alifariki miaka miwili baadaye kwa kisukari. Msibani, kabla hata ya matanga kuanuliwa, akaja mama mmoja kutoka mkoa mwingine na mtoto wa miaka kumi na mmoja. Mtoto ana masikio ya mume wangu. Sikuhitaji kuambiwa.

Nilichoumia si huyo mama. Ni kwamba kwenye faili la kazini jina langu lilikuwa limeandikwa na watoto wangu wawili wa kwanza tu. Wa tatu na wa nne hawamo, hakuwaongeza. Na huyo mtoto hayumo. Ofisi ikasema niende Mahakama ya Mwanzo. Kikao cha ukoo, muhtasari, maombi, tangazo, kusubiri wenye pingamizi. Shemeji akaweka pingamizi. Mimi nauza mchele Mwanjelwa, kila siku ya kesi meza inafungwa. Imechukua mwaka na zaidi.

Mnaowacheka wazee wa ulanzi, ninyi mmewahi kubeba cheti cha kifo kwenye plastiki mvua inanyesha?

Binti wa Mafinga
Pole sana mama. Shikamoo.

Dereva wa Uyole
Mama samahani, nilisema kwa mazoea ya kijiweni. Ila huyo mama mwingine naye ana haki, si akikaa na mtu miezi 6 anahesabika mke?

Hakimu wa Kijiweni
Hiyo miezi 6 sijui nani aliwafundisha, haipo. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inasema miaka 2 na zaidi ya kuishi pamoja na kujulikana kama mume na mke, na hiyo ni dhana tu, inaweza kupingwa kwa ushahidi. Kama mwanamume ana ndoa hai ya Kikristo, dhana hiyo haisimami, maana ndoa ya mke mmoja haimruhusu kuoa mwingine juu yake. Mtoto ni jambo jingine, mtoto msimwadhibu.

Mgema wa Njombe
Huo ndio uonevu sasa. Mwanamke amempikia mtu kambini miaka kumi, amemuuguza malaria, amefua magwanda, halafu anaambiwa yeye ni dhana?

Mjane wa Mbalizi
Na mimi niliyebaki kijijini nalima na watoto wanne nilikuwa nani? Alikuwa anakuja likizo mara moja kwa mwaka. Mahindi ya nyumba hii nimelima mimi. Usinifanye nijute kuandika.

Mgema wa Njombe
Mama sikukulenga wewe. Nilisema kwa ujumla. Dada yangu ndiye aliyekuwa huyo mwingine, mahali pengine, siku nyingine. Alirudi nyumbani na masufuria tu. Nimeandika kwa uchungu wa dada yangu.

Kitonga
Mnaona? Ndiyo maana nasema mafao yalipwe kidogokidogo kila mwezi, yote. Mkupuo ndio unaoleta hawa wote msibani.

Koplo Mstaafu
Kidogokidogo? Wewe unajua kidogo ni kiasi gani? Mpaka 2015 kima cha chini cha pensheni ya Hazina kilikuwa shilingi 50,114 kwa mwezi. Julai 2015 kikawa 100,125. Kuna wenzangu walikuwa kwenye hicho kima cha chini. Unaweka mbolea mfuko mmoja, mwezi umeisha. Mkupuo ndio ulionipa kiwanja na bati. Bila mkupuo ningekuwa napanga chumba na miaka 66 hii, namwamkia mwenye nyumba wa umri wa mwanangu.

Na ujue sisi vyeo vya chini tunatoka mapema. Mtumishi wa umma anangoja 60. Koplo hafiki huko. Unatoka mtoto wa mwisho yuko darasa la tano. Huyo atasoma kwa kidogokidogo?

Kitonga
Hapo mzee umenigusa, sikuwa najua ilikuwa elfu hamsini. Lakini hujanijibu kuhusu mdogo wangu.

Dereva wa Uyole
Mdogo wako alipelekwa kwa mujibu wa sheria au alijitolea? Maana wa mujibu ni wale wa kidato cha sita, wanaendelea na masomo, hawadai mtu.

Kitonga
Alijitolea. Nimeandika pale juu. Miaka 2. Sasa anapakia mbao kwenye malori, na ana nidhamu kuliko tajiri wake. Alipoingia hakuahidiwa ajira, najua, ila kijana wa miaka 20 ukimfundisha bunduki, kwata na kilimo, halafu ukampa nauli na kwaheri, umemwachia nini cha kushika? Hata jembe la kuanzia? Nikiona watu wanajadili mshahara wa anayeondoka, huku anayetaka kuingia hana hata mlango, roho inaniuma. Hata ile ya ulanzi iliniponyoka kwa hilo. Nimeumiza watu, nisameheni. Hoja yangu ya vijana siifuti.

Mgema wa Njombe
Umesikika.

Binti wa Mafinga
Naomba nirudi kwa baba. Sijapata hata mmoja aliyejibu kama abaki kwenye mshahara au la, isipokuwa Kitonga aliyekataa na Hakimu aliyeleta sheria. Lakini leo sina nguvu ya kubishana. Nauliza la kawaida tu: Luka na Lucas tunafanyaje?

Hakimu wa Kijiweni
Mpelekeni kwa wakili aape kiapo cha majina kwamba Luka na Lucas ni mtu mmoja. Ofisi ikikataa kiapo na kutaka hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, ombeni waandike hivyo kwa barua, yenye tarehe na muhuri. Msikubali majibu ya mdomo tena. Kila kinachorudishwa kirudi na maandishi.

Koplo Mstaafu
Niongeze ya kambini, wakili hayajui. Kwanza, namba ya jeshi. Jina linaweza kukosewa, namba ya jeshi ni moja tu tangu alipoapa mpaka leo. Iandikwe ndani ya kiapo, iandikwe kwenye barua, iandikwe nyuma ya kila nakala kwa kalamu. Karani hatafuti Luka, anatafuta namba. Pili, picha za pasipoti, kofia avue. Tatu, asiende peke yake. Mzee akienda peke yake anasimama mguu sawa mbele ya kijana wa dirishani, anajibu "ndiyo afande", anarudi hajauliza kitu. Nimewaona. Nilifanya hivyo mimi mwenyewe.

Nne, leo hiihii mkalishe chini aandike watoto wote. Wote, binti. Hata wa mkoa mwingine kama yupo. Soma alichoandika Mjane hapo juu.

Binti wa Mafinga
Nimemuuliza jana usiku. Alikaa kimya muda mrefu, mama yuko jikoni. Halafu akasema, "Andika saba." Sisi tuko sita.

Nimeandika saba.

Mjane wa Mbalizi
Umefanya vema mwanangu. Mwambie mama yako polepole, na awe wa kwanza kuambiwa kabla ya shangazi zako. Kama anataka mtu wa kuongea naye, mimi nipo, simu yangu nitakutumia pembeni.

Dereva wa Uyole
Kiapo mmepata?

Binti wa Mafinga
Tumepata Ijumaa, kina namba ya jeshi. Tunakwenda Dodoma Jumatatu, basi la alfajiri kutoka hapa Mafinga. Baba ameshapiga pasi koti leo, Jumamosi.

Koplo Mstaafu
Basi hilo linapita Ipogolo, hapa Iringa. Nitakuwa kituoni saa kumi na mbili na nusu, nimevaa sweta la kijani. Mnishikie siti, hata ya nyuma. Dirishani nitasimama mimi.