Kamala na raba kwenye jalada la Vogue: picha ni ya nani?

Mpiga Picha, Jinja
Wakubwa, naleta hoja. Januari 2021, Kamala Harris ameshashinda umakamu wa rais wa Marekani pamoja na Biden ila hajaapishwa, Vogue ya Marekani, jarida la mitindo, ikatoa jalada la Februari. Kasimama mbele ya pazia la waridi na kijani, koti jeusi, miguuni raba za Converse. Watu wake wakalalamika kwamba walichotarajia ni picha nyingine: suti ya buluu ya kupauka, mikono ameikunja kifuani, nyuma dhahabu. Mimi nina studio. Picha anayochagua mteja ndiyo ninayoisafisha, basi. Nikimtolea nyingine nimemvunjia ahadi. Sasa kiongozi aliyechaguliwa na watu, picha yake ya jalada ni yake au ya mhariri?

Kijana wa Arua
Pazia lenyewe lilitosha kuniudhi. Limekunjamana kama shuka lililotoka sandukuni asubuhi ile ile. Halafu raba! Makamu wa rais wa Marekani avalishwe viatu vya mitumba vya kumwagwa kwenye turubai pale soko la Owino, Kampala? Mpiga picha mzungu hawezi kumwona mtu mweusi akiwa mkubwa, ndiyo shida.

Mama Viatu, Owino
Wewe kijana, viatu vya turubai vimekukosea nini? Mimi ndiye ninayevimwaga. Raba moja naikalia nusu saa: natoa kamba naloweka, napiga mswaki kwenye mshono ambako udongo mwekundu hujificha, ukingo mweupe naupaka chaki, naijaza magazeti ikauke bila kupinda. Anakuja mtoto wa chuo anaivaa siku ya usaili, anapata kazi. Watoto wangu watatu wamesomeshwa na turubai hilo. Usinitajie Owino kama tusi.

Mwalimu, Tororo
Kijana, kwanza rekebisha. Aliyepiga ni Tyler Mitchell, kijana mweusi wa Atlanta, yule yule aliyempiga Beyoncé kwa jalada la Septemba 2018, mweusi wa kwanza kupiga jalada la Vogue ya Marekani. Waridi na kijani ni rangi za Alpha Kappa Alpha, chama cha wanawake alichojiunga nacho akisoma Chuo Kikuu cha Howard. Na raba ni zake, alizivaa kwenye kampeni 2020. Kwa hiyo tusimtafute mzungu kwa nguvu.
Lakini Mama, nawe sikuungi mkono. Mitumba imetumaliza. Pamba tunalima sisi, kiwanda cha nguo cha Nytil kiko hapo Jinja, halafu tunavaa kilichochokwa na wengine. Viongozi wa Afrika Mashariki walipatana 2016 kwamba ifikapo 2019 mitumba iwe imekoma. Wakalegea wote, ikabaki Rwanda peke yake.

Mama Viatu, Owino
Rwanda ikafanywa nini? 2018 Marekani iliifungia nguo zake kuingia kwao bila ushuru. Hilo mbona umelimeza, Mwalimu? Agosti 2023 Rais wetu Museveni akiwa Mbale akatangaza kwamba nguo kuukuu basi, eti ni za wazungu waliokufa. Sawa. Nipe shati jipya la bei ninayoweza mimi na mteja wangu, kesho nakunja turubai. Mpaka leo sijaliona.

Kijana wa Arua
Mama, samahani, sikukulenga wewe. Ila Mwalimu, kuwa mweusi hakumpi mpiga picha ruhusa. Mwanga ule umemkausha uso. Mtu wetu akipigwa vibaya na mtu wetu bado kapigwa vibaya.

Afande Mstaafu, Bombo
Mnakuza jambo dogo. Kiongozi ni mali ya taifa. Hapa kwetu picha ya Rais iko kila ofisi, nani amewahi kuuliza ilichaguliwaje? Tena jalada hilo lilitoka tarehe 10 Januari, sisi Uganda tulikuwa na uchaguzi wetu tarehe 14. Intaneti ilikatwa, na iliporudi tarehe 18 jambo lenyewe lilikuwa limeshapoa.

Kijana wa Arua
"Intaneti ilikatwa." Afande, unaisema kama mvua iliyonyesha. Ilikatwa na mtu! Siku zile nilikuwa na mama mgonjwa kijijini, hela ya simu haitoki wala haiingii, namngoja mtu wa basi anibebee noti mkononi. Halafu unaniambia picha ni jambo dogo. Ni jambo lile lile: mwenye nguvu anaamua nini tuone na lini.

Afande Mstaafu, Bombo
Mwanangu, pole kwa mama. Lakini usinigombeze mimi, sikushika swichi.

Muuguzi, Mbale
Naombeni nipite kidogo. Sisi tulikuwa na mwanamke makamu wa rais tangu 1994, Dakta Specioza Wandira Kazibwe. Miaka 27 kabla ya Marekani! Na huyu Kamala alikuwa mwanasheria mkuu wa California, kisha seneta. Nimesoma kote huku juu: viatu, pazia, turubai. Mwanamume angepigwa bila tai mngesema ni mtu wa watu, mkalala.

Mwalimu, Tororo
Dada, hapo umenikamata.

Mpiga Picha, Jinja
Nirudi kwenye hoja yangu. Vogue baadaye ilitoa nakala chache zenye ile picha ya suti. Maana yake waliona pengo. Afande, na picha ya ofisini mwenyewe kakaa akapigwa akijua itatundikwa, ndiyo tofauti.
Niwaambie kwa nini linanichoma. Diwani mmoja mwanamke, wiki ya ushindi wake, alikuja na gomesi la zambarau, gauni letu la heshima, akakaa wima, tukamaliza. Alipokuwa anavua viatu kupumzika alicheka, nikabonyeza. Picha nzuri kuliko zote nilizopiga mwaka ule. Nikaichapa kubwa, nikaitundika dirishani. Alipokuja kuchukua zake alisimama nje, akaitazama muda mrefu, akaingia, akalipa, hakusema neno. Hajarudi.

Mama Viatu, Owino
Ulimuuliza kabla ya kuitundika?

Mpiga Picha, Jinja
Sikumuuliza, Mama. Niliitoa jioni ile ile.