Karafuu, mlangilangi na mchaichai: matone mangapi kwenye mafuta ya nazi?

Nyota_ya_Bara

Wakuu, habari za jioni. Nina chupa 3 za mafuta ya mvuke (mafuta makali ya harufu yanayotolewa kwenye mimea kwa mvuke), mililita 10 kila moja: karafuu ya Pemba, mlangilangi na mchaichai. Nataka kutengeneza mafuta ya kukanda mwili usiku ili mtu atulie na kulala vizuri, pamoja na mengine mepesi ya usoni. Mafuta ya nazi yapo, mililita 100. Muuzaji anasema nitie kifuniko kimoja cha kila aina. Hiyo karafuu ikigusa ngozi bila kuchanganywa inawasha kama pilipili. Je, imechakachuliwa? Na inafaa kutia matone kwenye beseni la kuoga?

Mpima_Matone

Karibu mkuu. Kwanza achana na kipimo cha kifuniko. Kifuniko cha chupa ndogo hubeba mililita 1 au zaidi, na karafuu kwenye ngozi haipaswi kuzidi asilimia 0.5, yaani nusu mililita kwenye mililita 100. Ukifuata kifuniko umeshapita mara mbili, na bado hujaweka hayo mengine.

Kuwasha si dalili ya kuchakachuliwa. Karafuu safi ndiyo inayowasha, kwa sababu sehemu kubwa ya mafuta yake ni kemikali iitwayo eugenoli, na hiyo ni kali kwa ngozi. Yawe yametoka kwenye karafuu yenyewe, kwenye makonyo (vikonyo vyake) au kwenye majani, kikomo ni kilekile. Wengi hudhani ya majani ni mapole. Sivyo.

Kwa kukanda mwili, mililita 100 za nazi: mlangilangi matone 8, mchaichai matone 6, karafuu matone 6. Jumla matone 20, ambayo ni kama mililita 1, sawa na asilimia 1. Usishawishike kuongeza kwa sababu harufu inaonekana hafifu chupani. Ikipata joto la mwili itapanda. Matone ya chupa mbalimbali hayalingani ukubwa, kwa hiyo ukitaka uhakika nunua bomba la sindano la mililita 1 duka la dawa, bila sindano yake. Lioshe mara tu baada ya kupima, maana mafuta haya huvimbisha mpira wake.

Usoni usitie karafuu wala mchaichai. Weka mlangilangi peke yake, matone 3 kwenye mililita 30 za mafuta ya alizeti. Mafuta ya nazi huziba vinyweleo vya ngozi yenye chunusi, ndiyo maana sikushauri uyatumie hapo.

Kabla ya kupaka mwili mzima, paka kidogo upande wa ndani wa kiwiko, usioshe, subiri saa 24. Saa 48 ni bora zaidi, maana mzio mwingine huchelewa kujitokeza. Ikiwasha, usikimbilie maji. Maji hayayeyushi mafuta, yanayasambaza tu. Futa kwa kitambaa chenye mafuta ya kula, kisha osha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu. Yakiingia jichoni hapo ni maji mengi kwa dakika 15, kisha hospitali.

Mwana_wa_Wawi

Naongezea kwenye usafi wa mafuta, kwa sababu karafuu ina kipimo chake rahisi. Tia maji kwenye glasi, dondosha matone kadhaa. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, hivyo huzama chini. Yakibaki yanaelea kama utando, yamechanganywa na mafuta mepesi. Mlangilangi na mchaichai huelea hata yakiwa safi, kwa hiyo usiyahukumu kwa glasi; hayo dondosha kwenye karatasi nyeupe, uache hadi kesho. Doa la mafuta linalong'aa likibaki wazi, huenda kuna mafuta ya kula ndani. Vipimo hivi hukamata udanganyifu wa kijinga tu. Mwenye ujuzi huongeza eugenoli ya kiwandani, na hiyo glasi haiioni.

Pia angalia mafuta yako ya nazi. Iliyokamuliwa nyumbani mara nyingi huwa na maji kidogo, nayo huchacha mapema. Ipashe moto mdogo hadi viputo vikome, iache ipoe kabisa, ndipo uchanganye. Ukitia mafuta ya mvuke kwenye nazi ya moto, harufu yote inapaa jikoni. Kwa walio kwenye baridi, kama Njombe au Lushoto: mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi. Haijaharibika, weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu.

Tumia chupa ya kioo cheusi au kahawia. Karafuu hulainisha plastiki, na mpira wa kidondoshea ukikaa juu yake huyeyuka ukachafua mafuta. Andika tarehe. Mchaichai ukishakaa na hewa muda mrefu hubadilika, na huo wa zamani huleta mzio upesi kuliko mpya.

Kikuba

Dada au kaka, kuhusu beseni: hapana. Matone yanaelea juu na kukaa kwenye ngozi yakiwa makali vilevile, mara nyingi sehemu laini kabisa za mwili. Kama lazima, changanya matone 3 ya mlangilangi na kijiko kimoja cha mafuta ya nazi kwanza, ndipo umimine. Angalia sakafu, inateleza.

Kwa utulivu wa chumbani, bakuli la maji ya moto na matone 3 ya mlangilangi vinatosha. Acha dirisha wazi kidogo, ondoa bakuli baada ya nusu saa. Mlangilangi ukizidi huleta maumivu ya kichwa, ukakosa ule usingizi uliokuwa unautafuta. Usidondoshe kwenye chetezo chenye mkaa. Udi umezoea moto. Mafuta haya yanaungua, yanatoa moshi wa kukereketa koo, na yanaweza kushika moto.

Wajawazito waulize mkunga kwanza. Mtoto chini ya miaka 2 asipakwe mchanganyiko huu kabisa, na chupa zikae juu, zimefungwa. Akimeza karafuu, hata kidogo, usimtapishe, mpeleke hospitali mara moja na chupa mkononi.

Nyota_ya_Bara

Shukrani sana wakuu. La mwisho: madoa meusi ya chunusi. Nimeambiwa karafuu na ndimu huyaondoa.

Mpima_Matone

Usifanye hivyo, tafadhali. Ngozi yetu ikiunguzwa hujibu kwa kutengeneza rangi zaidi, kwa hiyo karafuu kali huacha doa jeusi kuliko la kwanza. Maji ya ndimu na mafuta yaliyokamuliwa kwenye ganda lake yana kemikali inayoamshwa na jua. Ukitoka nayo mchana unaweza kupata malengelenge, kisha alama za miezi. Mafuta ya ndimu yaliyotolewa kwa mvuke hayana tatizo hilo la jua, lakini chupa nyingi haziandiki ni yapi. Kwa madoa, paka losheni ya kuzuia jua kila asubuhi, acha kutumbua chunusi, na kama hayapungui baada ya miezi 3 muone daktari wa ngozi.