Mnafunga ASM kwa jina la /dev/sdb, mnachmod 777, mnachukua hela na kuondoka?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitajifanya sina. Kampuni siitaji. Wenyewe wakipita hapa watajijua.

Tulitaka databesi ya Oracle 19c kwenye seva moja ya Linux, data ikae kwenye ASM, mfumo wa Oracle wenyewe wa kusimamia diski. Si kazi ya ajabu, ASM ipo tangu toleo la 10g. Wakaja watu wenye vyeti, wakafunga, wakatuonyesha databesi inafunguka, karatasi za makabidhiano zikasainiwa, wakaaga. Mambo yakawa shwari kwa muda. Ikaja apdeti ya kerneli, seva ikazimwa na kuwashwa, databesi ikagoma.

ORA-15063. ASM inasema diski ilizoziona hazitoshi kuliinua kundi la diski liitwalo DATA. Ingia kama grid, mtumiaji anayeiendesha ASM, andika asmcmd lsdsk uone diski inazoziona: kimya, hata moja haipo. Ingia kama root, msimamizi mkuu wa Linux, andika lsblk: diski zote zipo, ukubwa ule ule, hakuna iliyokufa.

Kufungua rc.local, faili la amri zinazoendeshwa seva inapowaka, ndipo tukaona utaalamu tulioulipia. Mstari mmoja wa chown grid:asmadmin, wa kumpa grid umiliki wa /dev/sdb1 na /dev/sdb2, na chini yake chmod 777, ruhusa zote kwa kila mtu, kwa hizo hizo. Basi. Data yote ilikuwa inaning'inia hapo.

Kwa wasiofanya kazi hizi: hayo majina ya sdb na sdc si mali ya diski. Kerneli inayagawa inapowaka, kwa kadiri inavyozikuta diski, na haijawahi kumwahidi mtu kwamba sdb ya leo itakuwa sdb kesho. Yetu ikaamka ikiitwa sdc. Na kinachoudhi zaidi, ASM yenyewe haijali jina! Inasoma kichwa cha diski na kuitambua popote ilipo, mradi njia imo ndani ya asm_diskstring, mpangilio unaoiambia wapi pa kutafuta diski, na mtumiaji grid ana ruhusa ya kuisoma. Ruhusa ndiyo iliyokosekana. Saraka ya /dev inajengwa upya kwenye kumbukumbu kila seva inapowaka, kwa hiyo chown ya jana haipo tena, na ile ya rc.local ikaenda kumpa grid diski nyingine kabisa. Diski gani? Ya nakala rudufu! Tena kwa 777, yaani mtumiaji yeyote wa seva angeweza kuandika juu yake.

Dawa yake haina siri. Unachukua namba ya utambulisho ya diski kwa scsi_id, unaandika kanuni ya udev, chombo cha Linux kinachopanga majina na ruhusa za diski, inayoifuata namba hiyo: OWNER="grid", GROUP="asmadmin", MODE="0660", na SYMLINK yenye jina la kueleweka. Kama ni mashine pepe ya VMware na scsi_id hairudishi kitu, unaweka disk.EnableUUID kuwa TRUE kwanza. Hutaki udev, kuna ASMLib, programu ya Oracle ya kazi hiyo hiyo. Hili ni jambo la mwanzo kabisa ambalo mtu anayejiita DBA, msimamizi wa databesi, wa Oracle anapaswa kulijua, halafu mtu analipwa na halijui, au analijua na anaona uvivu. Sijui lipi baya zaidi.

Na ile 777 nadhani nimeshajua ilikotoka. Programu ya oracle iliyomo kwenye ORACLE_HOME, saraka ilikofungwa databesi, inatakiwa iwe na kundi la asmadmin ili iweze kuzigusa diski. Kundi likikosewa, databesi inalia ORA-15025 na "Permission denied". Kuna chombo cha kurekebisha kwenye Grid home, saraka ilikofungwa ASM, kinaitwa setasmgidwrap, amri moja tu. Wao wakaona rahisi kufungua milango yote.

Hapo bado sijafika kwenye lililonitoa usingizi.

Tukawapigia. Swali la kwanza: "Nani amewaambia mzime seva?" Yaani kosa letu kuwasha mashine. Baadaye mmoja akatuma "suluhisho" kwa meseji: amri ya dd ya kuandika sifuri kwenye MB 100 za mwanzo za kila diski, kisha tuunde kundi la DATA upya. UPYA! Juu ya diski yenye data hai! Kichwa cha ASM kipo mwanzo kabisa wa diski, na ile nakala yake ambayo kfed repair huitumia kuokoa jahazi ipo kwenye AU ya pili, yaani kipande cha pili cha mgao wa diski, nayo iko ndani ya hizo MB 100. Tungemtii, hata hiyo njia ya kuponea isingekuwepo. Diski ilikuwa nzima, imekosa ruhusa tu. Chown kwenye jina sahihi, ALTER DISKGROUP DATA MOUNT, databesi ikafunguka. Yeye alishataka kuizika.

Sasa databesi ipo hewani, nikaanza kukagua nyumba yote. Kundi la DATA ni NORMAL redundancy, yaani ASM inaandika kila data mara mbili, na kwenye karatasi yao wameandika kwa majivuno "data inalindwa kwa nakala mbili". Nakala mbili zipo wapi? Kwenye zile zilizokuwa sdb1 na sdb2. Patisheni mbili za diski MOJA. Usipotaja failgroup mwenyewe, yaani diski zipi zinaweza kufa pamoja, ASM inaihesabu kila diski kuwa failgroup yake, na patisheni kwake ni diski kama nyingine, kwa hiyo ikaamini inatenganisha nakala kumbe inaziweka pamoja. Diski ikifa, zote mbili zinaondoka pamoja. Tumepoteza nusu ya nafasi na ulinzi hatukuupata. Kama hawakuwa na diski ya pili wangetuambia! Au waweke EXTERNAL, ASM isirudie data, ulinzi uachiwe RAID, yaani diski kadhaa zilizounganishwa, tujue tumesimama wapi. Kuandika "inalindwa" ni uongo.

Kuhusu kumbukumbu sitasema mengi: wametenga HugePages, kurasa kubwa za RAM zinazowekwa kando mapema, nyingi kwelikweli, halafu wakawasha MEMORY_TARGET, mpangilio wa Oracle kujigawia kumbukumbu yenyewe, ambao haizitumii HugePages. RAM imefungiwa stoo, hakuna anayeigusa.

Ushahidi ninao: rc.local nimeihifadhi, alert log ya ASM, daftari la matukio yake, ninayo, na ile meseji ya dd ninayo. Meneja wao anasema kazi "ilikabidhiwa ikiwa inafanya kazi", kwa hiyo marekebisho ni mkataba mpya. Kwa hesabu yake, seva isiyoweza kuwashwa upya ni seva nzima.

Hawagusi tena hii mashine. Mpango wangu ni kuongeza diski halisi ya pili yenye patisheni za ukubwa ule ule, kuiingiza patisheni moja kama failgroup mpya, kuiacha rebalance, ASM kuisambaza data upya, imalize huku nikiangalia maendeleo kwenye V$ASM_OPERATION, ndipo niidondoshe ile iliyokuwa sdb2 yao. Waliowahi kufanya hivi databesi ikiwa na watumiaji mchana: mliweka POWER, kasi ya rebalance, ngapi, na I/O, usomaji na uandishi wa diski, ilipata shida kiasi gani? Wa kuniambia "rudi kwao mzungumze" apite kimya kimya, leo sina hamu hiyo.