Wazo, fikra, dhana: mhariri apime kwa kigezo gani?

mhariri_mwanagenzi
Wakuu, habari za leo. Nina mswada wa kitabu cha stadi za maisha cha sekondari, na mwandishi anachanganya "wazo", "fikra" na "dhana" kana kwamba ni neno moja. Ukurasa mmoja una "dhana ya biashara ilimjia", mwingine "fikra ya demokrasia", kwingine "mafikra". Kamusi inafafanua moja kwa kutumia jingine, kwa hiyo haisaidii sana. Naomba kigezo cha kupimia sentensi kwa sentensi. Pia, "kufikiri" na "kufikiria" vina tofauti au ni mazoea tu?

Mwl_Sarufi
Ndugu mleta mada, usianze na maana, anza na kitenzi kinachoandamana na neno. Wazo ni jambo moja lililoibuka kichwani mwa mtu, ndiyo maana huja, hutolewa, huungwa mkono, hukataliwa, hata huibwa. Dhana haimjii mtu. Dhana hufafanuliwa, huchambuliwa, hutofautishwa na nyingine, na ipo hata kama kwa sasa hakuna anayeiwaza. Basi andika "wazo la biashara lilimjia" na "dhana ya demokrasia".

Fikra ni pana kuliko wazo: ni namna ya kufikiri iliyokwisha kujengeka, ya mtu au ya kundi. Hurithiwa, hupevuka, hubadilika polepole. Kumbuka kaulimbiu ya zama za chama kimoja Tanzania, "Zidumu fikra za Mwenyekiti". Ukitia "mawazo" pale unabaki na mapendekezo ya mtu mmoja, wakati kilichokusudiwa ni mwongozo mzima wa kufuatwa.

"Mafikra" na "madhana" futa popote utakapoyakuta. Fikra na dhana ziko ngeli ya I-ZI: fikra hii, fikra hizi; dhana yake, dhana zake. Wazo peke yake ndilo la LI-YA. "Fikira" nayo imo kamusini, ila kitabu kimoja kisitumie zote mbili.

Kuhusu vitenzi, tofauti ipo na ni ya kisarufi. "Kufikiri" husimama peke yake (ngoja nifikiri) au hufuatwa na kishazi (nafikiri atafika kesho). "Kufikiria" ni kauli ya kutendea, hutaka kitu cha kufikiriwa: namfikiria mama, anafikiria kuhama. Ukiwa na shaka, ingiza kiambishi cha yambwa (kinachosimamia kinachotendwa, kama -m- au -li-). "Ombi lako nalifikiria" inakaa vizuri, "ombi lako nalifikiri" inagoma.

mpwani_msomaji
Mwalimu amesema vyema. Niongeze mtego wa wingi, maana kwa kitabu cha stadi za maisha ndio hatari zaidi. "Ana wazo" na "ana mawazo" si umoja na wingi tu. Anayeambiwa "ana mawazo" ana jambo linalomsumbua, na "acha mawazo" ni maneno ya kumliwaza. Sentensi kama "mwalimu awatambue wanafunzi wenye mawazo" itasomwa kuwa ni wanafunzi wenye dhiki, hata kama mwandishi alikusudia wabunifu. Dawa yake ni kivumishi: mawazo mapya, mawazo ya ubunifu.

Dhana nayo ina sura mbili. Kitenzi "kudhani" ni kuamini bila uhakika. "Nilidhani umeondoka" mara nyingi husemwa na aliyekwisha kukuona bado upo. Maana hiyo imo pia ndani ya "hiyo ni dhana tu" na "dhana potofu". Tazama neno linalofuata. "Dhana kwamba wasichana hawawezi hisabati" ni imani isiyothibitishwa. "Dhana ya usawa" ni istilahi ya taaluma. Mwandishi akiandika "dhana ya kwamba", muulize anakusudia ipi.

Halafu tahajia. "Nazani" utaliona mara moja, lakini "zana" ni neno halali, kwa hiyo programu ya kusahihisha tahajia haitakuamsha. "Zana za kufundishia" ni chati, vibao na vifaa. "Dhana" ndiyo yale yanayofundishwa. Tafuta "zana" katika mswada wote na usome kila mahali lilipo, usibadilishe yote kwa mkupuo.

mfasiri_wa_sheria
Nakubaliana na kigezo cha Mwalimu, ila kisigeuzwe msumeno. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 18, inampa kila mtu uhuru wa "kuwa na maoni na kueleza fikra zake". Ibara ya 19, inayofuata tu, katika matoleo ya awali ilisema "uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini". Ukinukuu sheria, nakili ilivyo, hata kama sikio lako lingependa vingine.

Maoni hutumika kwa wingi, "oni langu" halijazoeleka. Na "rai" ichunguze: kwa asili ni maoni, lakini kwenye habari za redio "ametoa rai kwa wazazi" maana yake amewasihi.

mhariri_mwanagenzi
Nashukuru sana. Kwa stadi ya kupima jambo kwa kina kabla ya kulikubali, mswada unatumia "fikra tunduizi" sura moja na "uwazaji kina" sura nyingine. Nibakishe lipi?

Mwl_Sarufi
Inategemea kitabu kinauzwa wapi. Fikra tunduizi ndiyo iliyozoeleka katika mitaala ya Tanzania, uwazaji kina ni wa Kenya. Ukishachagua, angalia na sura ya fasihi kama ipo: Kenya "maudhui" ndiyo yale mambo makuu yanayojadiliwa na "dhamira" ni lengo la mwandishi, Tanzania dhamira ni sehemu mojawapo ya maudhui, pamoja na ujumbe, migogoro, mtazamo, msimamo na falsafa. Mwanafunzi hupoteza alama kwa kujibu swali kwa maana ya upande mwingine.

mpwani_msomaji
Na kwenye mazoezi, "unafikiri nini kuhusu rushwa?" igeuze iwe "una maoni gani kuhusu rushwa?" Katika mazungumzo ya wahusika, "unaonaje?" inatosha.